Mahindi Yalikuwa ya Wenyewe

Ukichukua kozi ya fasihi ya Marekani, kuna orodha utakayopewa mapema kabisa: imani, bidii, uhuru, umoja wa jamii. Ati hayo ndiyo maudhui na maadili ya waandishi wa enzi ya ukoloni kule. Andika, kariri, tapika kwenye mtihani, songa mbele. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini orodha hiyo bado naikuta kwenye insha za wanafunzi wanaonilipa nizihariri. Na nimechoka nayo. Ni orodha ya mwenye shamba akijisifu, sisi tunaibandika jina la uhakiki.

Anza na imani. Novemba 1620, kabla Wapuritani wa meli ya Mayflower hawajapata hata mahali pa kujenga, baadhi yao walizunguka Cape Cod wakakuta mahindi yamefukiwa ardhini. Wakayachimbua, wakayabeba. William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wa Plymouth, anaisimulia habari hiyo katika Of Plymouth Plantation kama huruma ya Mungu: bila mbegu hiyo wangekufa njaa. Anaongeza kwamba baadaye wenyewe walilipwa. Sawa, lakini mahindi hayajifukii. Kuna mtu aliyepanda, akapalilia, akavuna, akaweka akiba ya watoto wake. Katika sentensi za Bradford bidii ya mtu huyo inageuka kuwa muujiza wa mgeni. Na Plymouth yenyewe ilijengwa juu ya Patuxet, kijiji ambacho watu wake walikuwa wamefagiliwa na maradhi miaka michache tu kabla. Wanafunzi wanafundishwa kuita mahali hapo nyika. Mkenya anayejua jinsi walowezi walivyozoea kuiita ardhi ya wenyewe tupu angepaswa kushtuka hapo, si kupiga mstari chini ya neno "imani".

Twende kwa umoja. Hapa kila mtu anamtaja John Winthrop na mahubiri yake ya 1630, yale ya mji ulio juu ya kilima. Rais Kennedy aliyanukuu 1961, Reagan akayaimba miaka yake yote ya siasa. Lakini hebu yasome kuanzia mwanzo bana. Yanafungua kwa kusema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga wengine wawe matajiri na wengine maskini, wengine juu na wengine chini. Ndiyo, yanahimiza upendo na kusaidiana, na yanahimiza vizuri. Ila ni upendo wa watu waliokubali kila mmoja abaki kwenye ngazi yake. Jambo lingine ambalo noti hazikwambii: mahubiri hayo hayakuchapishwa hadi 1838. Maandishi yaliyokaa miaka mia mbili bila kupigwa chapa yaliwezaje kuwa msingi wa taifa? Msingi huo uliwekwa baadaye, na watu waliohitaji babu wa kujivunia.

Na uhuru? Mwaka 1641 koloni hilohilo la Massachusetts lilipitisha sheria iliyoitwa Body of Liberties. Jina tamu. Ndani yake utumwa uliruhusiwa kwa mateka wa vita vilivyoitwa vya haki na kwa wageni waliouzwa.

Najua jibu linalokuja: usiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Poa. Basi tutumie macho ya wakati wao. Roger Williams alikuwa Mpuritani, mhubiri, jirani yao. Alisema wazi kwamba mfalme wa Uingereza hana haki ya kugawa ardhi ya Wenyeji, na kwamba serikali isiingilie dhamiri ya mtu. Mahakama ya Massachusetts ikamfukuza 1635. Mwaka 1643 akachapisha London kitabu cha lugha ya Wanarragansett, watu aliokaa nao na kuongea nao. Kwa hiyo walijua. Waliambiwa, kwa Kiingereza chao, na mtu wa dini yao. Wakachagua.

Halafu mtazame Phillis Wheatley. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston 1761, akapewa jina la meli iliyomleta. Akiwa kijana tu alikuwa akiandika mashairi yanayowashinda wengi waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Ili kitabu chake kitoke London 1773, waungwana 18 wa Boston walilazimika kutia sahihi kuthibitisha kwamba kweli aliandika yeye. Bradford hakuombwa shahidi. Wheatley alikufa 1784, huru na fukara. Kama bidii ndiyo thamani kuu ya fasihi hiyo, mbona malipo yake yalikuwa hayo?

Sisemi tuwatupe. Bradford anaandika vizuri, na baadhi ya kurasa zake zinauma. Nasema tuache kuwasomea waandishi hawa kama mawakili wao. Swali la "maadili gani yanajitokeza" linampa aliyeshika kalamu ushindi kabla hujafungua kitabu. Uliza badala yake: nani alikuwa analima wakati huyu anaandika, na ardhi ilikuwa ya nani? Ukiulizwa maudhui, andika "ardhi" kwanza. Mtahini akikata alama, angalau utakuwa umesoma kitabu.