Kuamia Ndege Si Kuwaua

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya kitenzi kuamia, na kila mwaka ni wachache mno wanaoinua mkono. Wengi hudhani nimekosea kutamka kuhamia. Kuamia ni kulinda shamba ili ndege na wanyama wasile mazao. Mwamiaji hupanda dungu au ulingo, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, akapiga kelele, akatikisa kamba zilizofungwa makopo, akarusha donge la udongo kwa kumbwewe. Jioni ndege huenda zao wakiwa hai, nao mtama hubaki shambani. Siku hizi neno ulingo tumewaachia mabondia na wanasiasa, na kitenzi kuamia tumekiacha kamusini.

Nalitaja neno hili leo kwa sababu naona tumepoteza si neno tu, bali pia busara iliyokuwa ndani yake. Tembelea shule nyingi za nchi hii utakuta njiwa wamejaa darini, shomoro wamejenga upenuni, na kunguru wanapigania mabaki ya chakula nyuma ya jiko. Waulize wahusika wanafanya nini, utaambiwa ama hawafanyi lolote, ama wavulana wamepewa manati, ama kuna mtu ameahidi kuleta sumu. Baina ya kupuuza na kuua, lugha yetu ilikuwa na njia ya tatu. Njia hiyo ndiyo ninayoitetea.

Sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mhadhiri kijana katika taasisi moja, nilifundisha mofolojia katika ukumbi ambao dari yake ilikuwa makazi ya njiwa. Kinyesi kilidondoka juu ya madaftari. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa na pumu akawa haketi ila mlangoni. Nilikasirika, nikaandika barua kwa ofisi iliyohusika na majengo. Naikumbuka sentensi yake moja: "Ndege hawa waondolewe mara moja."

Waliondolewa kweli, kwa namna yake. Alasiri moja seremala alikuja na mbao na misumari, akaziba matundu yote chini ya mabati, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata njiwa wakubwa walikuwa nje, wakipigapiga mbawa kwenye mabati. Makinda yao walikuwa ndani. Tuliwasikia somo zima, juu ya vichwa vyetu, na siku ya pili tukawasikia tena. Msichana mmoja alinyosha mkono. Nilidhani anauliza juu ya viambishi. Akasema, "Mwalimu, hatuwezi kuwafungulia?" Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya ofisi, kisha nikaendelea na somo. Siku ya tatu dari ilikuwa kimya. Kufikia mwisho wa juma harufu ilikuwa imetufukuza ukumbini, tukasomea chini ya mti. Ilibidi dari ivunjwe, isafishwe na kutengenezwa upya, kwa gharama kubwa kuliko ya mbao na misumari ile. Kabla ya muhula kwisha, njiwa walikuwa wamepata tundu jingine.

Mwalimu wa sarufi ataniambia kosa langu lilikuwa wapi. "Waondolewe" ni kauli ya kutendwa. Kauli hiyo ina kazi yake, lakini pia ina hila yake: humficha mtendaji. Sikusema nani awaondoe, kwa njia gani, wala lini. Nilitaka matokeo bila kujihusisha na tendo. Kuamia hakukubali hila hiyo. Hakuna kuamia bila mtu kukaa dunguni, akatazama, akajua ndege wanakuja saa ngapi na kutoka upande gani.

Basi hebu tuamie majengo yetu kama wazee walivyoamia mashamba. Jambo la kwanza ni kujua ndege wanafuata nini. Ndege haji shuleni kwa uadui. Huja kwa sababu ya chakula, maji, au mahali pa kulala na kutagia. Ukiondoa kinachomvuta, umemaliza nusu ya kazi kabla hujainua mkono. Mabaki ya githeri na ugali yasimwagwe nyuma ya jiko. Yatiwe katika pipa lenye kifuniko, na kifuniko kifunikwe kweli. Shimo la taka lifukiwe mara kwa mara. Wanafunzi wasile chini ya upenu ule ule wanaolalamikia njiwa wake.

Jambo la pili ni kuziba. Wavu wa waya uliotandazwa imara chini ya mabati hufanya kazi mchana na usiku bila kumjeruhi yeyote. Matundu ya wavu wenyewe yawe na upana wa kama sentimita 2 ikiwa adui ni shomoro. Kwa njiwa hata sentimita 5 hutosha. Wavu ukazwe vizuri, kwa maana wavu uliolegea hugeuka mtego wa kunasa miguu na mbawa. Kingo za madirisha na kuta wanazopenda njiwa kutua zaweza kuwekewa ubao ulioinama kwa nyuzi 45 au zaidi, wakakosa pa kusimama.

Jambo la tatu, nalo ndilo nililolipuuza, ni wakati. Mayai ya njiwa huatamiwa kwa muda wa siku 18 hivi, kisha makinda hukaa kiotani kwa takriban majuma manne kabla ya kuruka. Shomoro huenda kasi zaidi: majuma mawili ya kuatamia, au pungufu kidogo, na mengine mawili ya kulea. Kwa hiyo anayekuta makinda darini hana budi kusubiri, na hasubiri milele. Kwa njiwa ni mwezi mmoja na nusu hivi, chini ya muhula mmoja wa shule. Waliomo wakisharuka, tazama siku mbili tatu kama kuna anayeingia au kutoka, panda ngazi uchungulie kwa kurunzi, ndipo uzibe, kabla hawajataga tena.

Na usafi baada yake una utaratibu. Kinyesi kikavu kisifagiliwe kikiwa kikavu, maana vumbi lake laweza kubeba vijidudu vya ukungu vinavyodhuru mapafu. Kiloweshwe kwanza kwa maji, na anayekiondoa afunike pua na mdomo, avae glavu. Kazi hii wapewe watu wazima. Si adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa.

Kuna pia mambo yasiyofaa ambayo huuzwa kwa maneno matamu. Mashine zinazodaiwa kutoa sauti ya juu sana ambayo binadamu haisikii ni hasara tupu, kwa sababu ndege nao hawaisikii. Sanamu ya bundi itawatisha njiwa siku chache, kisha utawakuta wametua juu ya kichwa chake. Isitoshe, katika jamii zetu nyingi sanamu hiyo itawatisha wazazi kuliko ndege, na bundi wa kweli, anayetulia panya bure, ataendelea kupigwa mawe. Gundi ya kunasia ni ukatili mtupu: ndege hufa polepole, pamoja na mjusi au chiriku asiyehusika. Sumu nayo haichagui. Mwewe, bundi na paka watakula mizoga, na mtoto mdogo hajui kusoma onyo. Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Haifai shule iwe mahali pa kwanza pa kumfundisha mtoto kuivunja.

Najua msomaji wa Mombasa au Malindi atanijia juu: je, na kunguru? Swali lake ni la haki. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na husimuliwa kwamba alitakiwa asaidie kula taka za mji. Kufikia mwaka wa 1947 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wa asili, hunyakua vifaranga vya kuku uani na chakula mezani. Mnamo Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha.

Sitajifanya kwamba wavu wa waya utamaliza tatizo la ukubwa huo. Ndege mgeni anayewamaliza wenyeji ni suala la wataalamu, na yumkini kuua kukawa sehemu ya jibu lao, mradi kufanywe na waliofunzwa, kwa njia isiyotesa wala kuwadhuru viumbe wengine. Si kazi ya wavulana wenye manati. Lakini historia inatuonya. Sumu iliyotumiwa zamani huko Malindi na Watamu iliwapunguza sana kunguru hao. Ilipozuiwa kuingizwa nchini mwaka wa 2005, wakaongezeka tena. Walirudi kwa kuwa karamu ilikuwa ingali mezani. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Sisi tumemfuga kwa majalala yetu. Aliletwa kwa ajili ya taka, na kwa ajili ya taka amebaki. Anayeua bila kuziba jalala ataua kila mwaka.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mkuu mmoja kwamba haya ni mambo ya shule tajiri, kwamba yeye hana fedha hata za chaki. Namheshimu, lakini hesabu yake ina kasoro. Kinyesi cha ndege hula mabati polepole, na viota huziba mifereji ya kukingia mvua, maji yakarudi ukutani. Kipande cha wavu ni nafuu kuliko paa. Na pipa lenye kifuniko halihitaji harambee.

Zaidi ya hayo, kuna somo hapa ambalo halimo katika mtihani wowote. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka wa 1968, na walioanzisha mwendo huo walikuwa wanafunzi. Kwa nini chama cha wanafunzi leo kisikabidhiwe kazi ya kuchunguza paa la shule yao: ndege gani wamo, wanaingia wapi, wanataga lini, wanakula nini? Hapo pana sayansi, hesabu na, kwa furaha yangu mimi, msamiati. Mtoto atakayejifunza kumtofautisha shomoro na mnana, upenu na dari, kuamia na kuangamiza, atakuwa amejifunza kutazama kabla ya kutenda.

Yule msichana aliyeuliza swali ukumbini alikuwa ametazama. Mimi niliyekuwa na shahada nilikuwa nimeandika barua. Tangu siku ile, kila ninaposikia watu wakisema kwamba ndege wa mahali fulani "waondolewe", huuliza: na nani, kwa njia gani, na lini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hilo kila mwalimu amelifundisha. Basi, walimu wenzangu, tuzizibe nyufa za majengo yetu. Lakini kabla ya kupigilia msumari wa mwisho, tunyamaze kidogo, tutege sikio, tusikilize kama kuna sauti ndani.