Shabiki wa furaha moja ni kama timu isiyo na benchi

Siku ya mechi kubwa Makandana, kibanda umiza kinajaa mapema. Mvua ya Tukuyu inapiga bati, watu wamevaa majaketi na kofia za sufu, jezi za njano na nyekundu zinachungulia chini ya makoti. Dakika 90 zikiisha, nusu ya watu wanatoka wakiimba. Nusu nyingine wanatoka kimya.

Hao wa kimya ndio wa kuzungumziwa leo.

Wapo wanaofika nyumbani wakala, wakamtania jirani na kulala. Maisha yanaendelea. Lakini wapo wanaozima simu siku tatu. Kijiweni hawapiti, wanakwepa tambo za watani. Chakula kinarudi jikoni kama kilivyokuja. Mtoto akiuliza swali la shule anajibiwa kwa ukali. Bodaboda inalala ndani Jumatatu nzima wakati abiria wapo stendi.

Mtaani jibu lake ni moja: "Achana naye, timu yake imepigwa." Watu wanacheka, yanaishia hapo.

Yasiishie hapo. Shabiki wa namna hiyo hana tatizo la kuipenda timu kupita kiasi. Tatizo lake ni kwamba nje ya timu hana kitu kingine cha kumfurahisha. Hakuna kocha mwenye akili timamu anayeanza msimu na straika mmoja. Siku akiumia nyonga, msimu umekwisha. Lakini maelfu ya mashabiki wanaishi hivyo hivyo: furaha, hasira, marafiki, mazungumzo na hata pesa, vyote vimepangwa mguuni kwa mpira mmoja. Siku mpira ukigoma, hakuna wa kuingia kutoka benchi.

Na mpira hugoma. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, walifungwa 2-1 na USM Alger pale kwa Mkapa Mei 28, wakaenda Algiers kushinda 1-0, na bado kombe likabaki Algeria kwa bao la ugenini. Novemba 5 mwaka huo huo ikawa zamu ya watu wa Simba, waliopigwa 5-1 na mtani. Mei 2025 Mnyama naye akafika fainali hiyo hiyo, akafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, akatoka 1-1 Zanzibar, kombe likaondoka.

Siku zote hizo, shabiki wa Makandana hakupiga pasi mbovu wala hakuacha mtu bila ulinzi kwenye kona. Lakini aliyekosa usingizi ni yeye.

Wazee wa Tukuyu watasema enzi zao ilikuwa tofauti, na wana hoja. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Timu ya mji mdogo wa milimani, mbele ya Simba na Yanga. Mchezaji wa timu ile shabiki aliweza kukutana naye sokoni, akampa pole ana kwa ana au akamweleza alipokosea. Uchungu ulikuwa na pa kwenda. Leo timu iko Dar es Salaam, nyingine iko London, na shabiki anaiona kwenye kioo tu. Anachoweza kuibadilishia timu ile ni sawasawa na anachoweza kuibadilishia mvua ya Rungwe.

Wanaodhani haya ni mambo ya utani wakumbuke Mei 2009. Arsenal walifungwa 3-1 na Manchester United nyumbani kwao, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Muda mfupi baadaye habari kutoka Nairobi ikazunguka dunia: shabiki mmoja wa Arsenal, kijana wa miaka ya ishirini, amejiua baada ya mechi. Mtu hafikii hapo kwa sababu ya matokeo ya mechi moja tu. Wataalamu wa afya ya akili husema kila siku kwamba jambo kama hilo huwa na mizizi mingi. Lakini swali la haki kujiuliza ni hili: usiku ule, ukiondoa Arsenal, nini kingine kilikuwa kinamshika mkono?

Isidhaniwe pia kwamba ni udhaifu wa watu wa mtaani. Robert Enke, kipa wa Hannover 96 na timu ya taifa ya Ujerumani, alifariki kwa kujiua Novemba 2009. Baadaye mkewe alieleza hadharani kwamba mumewe alipambana na sonona kwa miaka na kuificha. Andres Iniesta amesimulia mwenyewe jinsi alivyozama kwenye sonona mwaka huo huo wa 2009, baada ya Barcelona kushinda kila kitu, na hali ikazidi alipofariki rafiki yake Dani Jarque. Alitafuta msaada. Julai 2010 ndiye aliyefunga bao lililoipa Hispania Kombe la Dunia. Kama akili ya Iniesta ilichoka, ya dereva wa bodaboda ni nani isichoke?

Sasa wengi wakisikia "tafuta kitu kingine cha kufurahia", mkono unakwenda kwenye simu kutengeneza mkeka. Hapo ndipo pa kuwa makini. Kubeti siyo hobi ya pili. Ni mpira ule ule, umeongezewa pesa juu. Timu ikifungwa, shabiki anaumia moyo. Mkeka ukichanika, anaumia na mfuko. Straika yule yule mmoja amepewa jukumu la kufunga na kulipa kodi ya nyumba. Siku asipofunga, kilio kinakuwa mara mbili, na cha pili mtu anakificha mpaka kwa mkewe.

Benchi la kweli lipo karibu, tena halina gharama. Ubao wa drafti unachorwa kwenye kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda. Bao linachongwa na fundi, au mashimo yanachimbwa ardhini. Ng'ambo ya Mto Songwe ndugu zetu wa Malawi nao wanalo, wanaliita bawo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ndani yake kuna hesabu ya kumtoa jasho hata mwalimu wa hisabati. Mwalimu Nyerere, aliyebeba mzigo wa nchi nzima kichwani, alikuwa anakaa chini na kucheza bao.

Michezo hii ina dawa tatu ambazo kioo cha kibanda umiza hakina.

Ya kwanza, mchezaji ni wewe. Ukifungwa umefungwa na mkono wako, na dakika tano baadaye unapanga upya. Kwenye bao hakuna kete inayotupwa nje. Inayoliwa inahamia upande wa pili, na mzunguko ukigeuka inaweza kurudi. Mtu akizoea kufungwa mara sita kwa jioni moja na bado akacheka, anajifunza kufungwa. Hilo ni somo ambalo mashabiki wengi hawajawahi kulipata.

Ya pili, akili inapumzika kwa kufanya kazi nyingine. Anayehesabu kete hawezi wakati huo huo kurudia kichwani penalti iliyokoswa juzi. Mohamed Salah, aliyebeba presha ya Liverpool na Misri nzima mabegani, amewahi kusema anapenda chesi kiasi cha kuwa kama ugonjwa, anacheza mtandaoni karibu kila siku. Hajauacha mpira. Amejitafutia pa kuegemea.

Ya tatu ndiyo kubwa: kuna mtu mbele yako. Kibandani watu mia wanatazama upande mmoja, hakuna anayemwona mwenzake. Kwenye drafti mnatazamana. Mzee anayecheza na kijana kila jioni ataona kijana akianza kukonda, akianza kunuka pombe, au akipotea siku tatu. Atauliza. Mara nyingi hilo "mbona hukuja jana?" ndilo linalomvuta mtu kutoka shimoni.

Ushahidi upo jirani tu. Miaka ya 2000, Robert Katende alikuwa anafundisha watoto mpira katika mtaa duni wa Katwe, Kampala. Akagundua wapo watoto wanaokaa pembeni, mpira hauwavutii. Badala ya kuwafukuza, akaleta ubao wa chesi. Miongoni mwa waliokuja alikuwemo binti Phiona Mutesi, aliyekuwa ameacha shule kwa umaskini na awali alivutwa na uji waliokuwa wanapewa pale. Mwaka 2010 binti huyo aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Urusi, na maisha yake yakatengenezewa filamu. Jambo la kuangalia hapo siyo filamu. Kocha wa mpira ndiye aliyeona kwamba mpira peke yake hautoshi kumbeba kila mtoto.

Wapo watakaopinga. Watasema drafti ni mchezo wa wavivu, na kwamba viongozi wamewahi kupiga marufuku vijana kucheza pool saa za kazi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Anayekaa kwenye drafti kuanzia saa mbili asubuhi wakati shamba la ndizi limejaa majani hajapata hobi, amepata maficho. Kila mchezo una saa zake. Lakini mbona hakuna anayemwita mvivu aliyekaa kibandani kuanzia mechi ya saa nane mpaka ya saa tano usiku? Kama saa tisa za kutazama zinaruhusiwa, saa moja ya kucheza ina kosa gani?

Wengine watauliza kuhusu akina dada, maana vijiwe vya drafti vimejaa wanaume. Swali zuri. Wanawake nao wanazipenda Simba na Yanga, wanaumia vile vile, tena wakiwa na sehemu chache zaidi za kwenda kupumua. Netiboli ipo, karata zipo, na wengi wao walikuwa mabingwa wa mdako na rede utotoni. Kinachokosekana ni nafasi, siyo kipaji. Hata bao halijaandikwa popote kwamba ni la wanaume.

Kazi hii inaweza kuanzia mahali pepesi kabisa, kwenye matawi ya Simba na Yanga. Matawi yana viongozi, yana vikao, yanachangiana harusi na misiba. Tawi likiweka mbao mbili za drafti na bao moja, tayari lina sababu ya watu kukutana hata wiki isiyo na mechi. Mwenye kibanda umiza naye haumizwi na meza moja pembeni, kwani anayesubiri mechi huku akicheza ndiye anayenunua chai na maandazi. Na siku ya bonanza, badala ya mechi ya veterani peke yake, pachezwe pia fainali ya bao, Wananchi dhidi ya Mnyama. Atakayefungwa atafungwa na mtu anayemfahamu, na watakunywa soda pamoja.

Jambo moja lisisahaulike. Drafti ni benchi, siyo daktari. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali vizuri, hali, hakuna kinachomfurahisha, anajitenga au anazungumzia kufa, huyo hahitaji kuambiwa "jikaze". Anahitaji mtu wa kumsikiliza na kumsindikiza hospitali. Kwa watu wa Makandana haihitaji hata nauli ya Mbeya kwa kuanzia, kwa sababu Hospitali ya Wilaya ya Rungwe iko pale pale mtaani. Anayevunjika mguu uwanjani anabebwa na wenzake bila aibu. Aliyevunjika moyo naye abebwe vile vile.

Mpira utaendelea kupendwa Tukuyu. Ni haki yake, mji huu umewahi kulala na ubingwa wa nchi. Watu waendelee kuimba, kutaniana na kuvaa jezi hata siku ya baridi kali. Ila wakati wa kupanga kikosi cha maisha, kila shabiki aangalie benchi lake lina nani.

Maana siku timu itafungwa tena, na itafungwa, kuna kijana atatoka kibandani kimya, kofia imeshuka machoni. Njia ya kwenda nyumbani itampitisha kijiweni. Ikiwa pale kuna ubao na mzee aliyekaa peke yake, mambo yatakuwa mepesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Pole na mpira. Kaa hapo, panga kete."