Nani Kasema Hii ni Habari ya Burudani?

Kuna kauli nimeichoka kwenye vyumba vya habari. Ukipeleka habari ya mchoraji aliyeuawa Gaza au maktaba iliyogeuzwa kifusi, unaambiwa, "Hii weka burudani." Ukibisha, unapigwa swali ambalo muulizaji anadhani limemaliza ubishi: watu wanakufa kwa maelfu, wewe unatuletea mashairi na nguo za kudarizi?

Ndiyo, naleta. Tena ni habari ya ukurasa wa kwanza.

Tuwekane sawa kwanza, maana mada hii ikianza tu watu wanagawana jezi kama Simba na Yanga. Sijasahau tarehe 7 Oktoba 2023. Siku ile Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200, na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo nao waliuawa. Sijasahau pia kwamba kufikia mwishoni mwa 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu Wapalestina zaidi ya 70,000 waliouawa. Hakuna mchoro wenye thamani ya mtoto mmoja, hilo halina mjadala. Ninachobishia ni hii dhana kwamba ugomvi ule ni wa ardhi na bunduki tu, na vingine vyote ni mapambo.

Hebu tujiulize, ugomvi wenyewe ni wa nini? Mwaka 1969 Golda Meir, waziri mkuu wa Israel, aliliambia gazeti la Sunday Times la London kwamba hapakuwa na kitu kinachoitwa Wapalestina. Sasa wewe ukiambiwa hukuwapo, unajitetea kwa nini? Unaleta ushahidi. Hati ya nyumba, picha ya harusi, kitabu chenye jina la babu, gauni la bibi.

Chukua hilo gauni. Darizi yao wanaiita tatreez (neno letu "tarizi" limetoka mzizi huohuo wa Kiarabu, kwa hiyo tusijifanye ni mambo ya mbali sana). Zamani mjuzi aliweza kutazama mishono ya kifuani akakwambia mvaaji katoka Ramallah, Bethlehem au upande wa Gaza. Mwaka 1948 vijiji zaidi ya 400 vilibaki vitupu, vingi vikabomolewa, lakini mishono yake ilitembea na wenyewe hadi kambi za wakimbizi za Lebanon na Jordan. Ilipokuja Intifada ya kwanza mwaka 1987, bendera ilikuwa marufuku. Wanawake wakadarizi rangi za bendera na ramani kwenye magauni. Haya, kamvue mama wa watu gauni barabarani! Sisi ambao tunapigana vijembe kwa kanga tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. UNESCO ilikuja kuiingiza tatreez kwenye orodha yake mwaka 2021.

Na aliyeelewa mapema kuliko wahariri wetu ni mwanajeshi. Mchoraji Sliman Mansour amesimulia mara nyingi jinsi maonyesho yao yalivyofungwa Ramallah mwaka 1980, na afisa wa Israel akawaonya wasichore chochote chenye rangi za bendera, hata tikiti maji. Halafu Intifada ilipopamba moto, Mansour na wenzake waliacha kununua rangi za dukani zilizotoka Israel, wakachora kwa udongo, hina na majani makavu. Miaka miwili baada ya onyo lile, Septemba 1982, jeshi la Israel liliingia Beirut Magharibi. Likaenda kwenye Kituo cha Utafiti cha Palestina, likasomba maktaba na nyaraka zake. Zilirudishwa mwaka 1983 katika mapatano ya kubadilishana mateka wa vita. Soma tena: mateka wa vita, pamoja na makabrasha. Kama karatasi ni burudani, zilifuata nini kwenye meza ya mazungumzo?

Turudi Gaza. Kituo cha Utamaduni cha Rashad Shawwa, ambako Bill Clinton aliwahutubia Wapalestina Desemba 1998, kilibomolewa Novemba 2023. Heba Zagout, mchoraji, aliuawa pamoja na wanawe wawili Oktoba 2023. Refaat Alareer, aliyefundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Kiislamu, aliuawa Desemba 6 mwaka huohuo. Maktaba ya Edward Said, iliyoanzishwa na mshairi Mosab Abu Toha, imeharibiwa. Kufikia 2025 UNESCO ilikuwa imethibitisha uharibifu kwenye maeneo zaidi ya 100 ya kihistoria na kiutamaduni.

Jibu la Israel tunalijua: Hamas hujificha kwenye majengo ya raia. Sawa, tulichukue hivyohivyo, halafu mtu anieleze habari ya Chuo Kikuu cha Israa. Januari 2024 kililipuliwa kwa mabomu yaliyotegwa, na chuo kinasema askari walikuwa wamekishikilia kwa wiki kadhaa kabla ya hapo, na kwamba makumbusho yake yenye vitu zaidi ya 3,000 yaliporwa. Jengo likishakuwa mikononi mwako, adui anayejificha humo ni nani?

Lakini nina ugomvi pia na nyie ndugu zangu wa upande wa pili, mnaobandika tikiti maji kwenye simu na kuimba kwamba roho ya Mpalestina haivunjiki. Inavunjika. Abu Toha alikamatwa akapigwa akiwa anajaribu kuitoa familia yake Gaza, na Tuzo ya Pulitzer aliyopata mwaka 2025 haikurudisha hata rafu moja ya ile maktaba. Kuwasifia uvumilivu ni njia rahisi ya kutosoma walichoandika. Wangapi mnaobandika mmemaliza kitabu kimoja cha Ghassan Kanafani? Basi.

Na asije mtu akaniambia vitabu huungua tu kwa bahati mbaya ya vita. Mwaka 1948, Wapalestina walipokimbia nyumba zao Yerusalemu Magharibi, wafanyakazi wa maktaba walipita nyumba hadi nyumba nyuma ya askari, wakakusanya vitabu wapatavyo 30,000. Vipatavyo 6,000 vimetunzwa Maktaba ya Taifa ya Israel vikiwa na alama AP, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mali iliyotelekezwa. Vingine bado vina jina la mwenyewe ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake.