Mchuzi wa Kiholanzi

Wako watu, na wengi wao ni walimu ninaowastahi, waitakidio kwamba kila neno huzaliwa na maana moja ya halali, na kwamba maana zote zijazo baadaye ni wanaharamu waliozaliwa na uvivu wa vijana. Itikadi hiyo naiona batili, na shahidi wangu ni neno fupi la Kiingereza, dope, ambalo hulaaniwa kila kijana anapousifu wimbo kwa kusema kuwa ni dope, ati kwa sababu maana yake ya haki ni madawa ya kulevya.

Maadamu wakosoaji wanadai asili, na tuirudie asili. Waholanzi wana neno doop, litokalo katika kitendo cha kuchovya, nalo ni mchuzi. Wamarekani walilitwaa katika karne ya 19 wakaliita kwalo rojo la chakula. Kasumba nayo, ipashwapo moto ili ivutwe, huwa kitu kizito chenye kunata, na kwa ajili ya mfanano huo tu jina la jikoni likahamia kwenye kiko, kama vile kwetu unga ulivyotoka kinuni ukaingia vichochoroni bila ya kumwomba ruhusa mtu yeyote. Halafu wakatokea wajanja wa mbio za farasi, waliowalisha wanyama wao dawa za kuwatia kasi au za kuwalegeza, na aliyejua mapema ni farasi gani aliyelishwa alikuwa na habari yenye thamani ya fedha taslimu. Basi dope ikawa habari ya siri, maana ambayo waandishi wa magazeti waliitumia bila ya haya. Mtu mpumbavu aliitwa dope. Rangi iliyopakwa juu ya kitambaa cha mbawa za eropleni katika vita vya 1914 hadi 1918, ili kitambaa kikazike, iliitwa dope. Na Coca-Cola, ambayo katika miaka yake ya awali ilikuwa na kokeini, watu wa kusini mwa Marekani waliiagiza dukani kwa jina hilohilo. Vijana wa rapu wa miaka ya 1980, walipolifanya kuwa neno la sifa, walilikuta limekwisha kuzeeka safarini.

Mkosoaji, basi, akitaka kushika asili kwa ikhlasi, hana budi kuliacha neno libaki katika bakuli la mchuzi. Hataki. Anayoiita asili ni ile maana aliyoikuta sokoni siku za ujana wake.

Mzee mmoja, aliyenisikia nikisema haya barazani, alighadhibika akaniambia kuwa kuwatetea vijana namna hii ni kasumba ya kikoloni. Nilimwuliza, kwa adabu zote, kasumba hiyo huvutwa kwa kiko cha namna gani.