Mwalimu wa Rusimbi na Chanjo ya Wasichana

Katika saratani zote zinazowaua wanawake wa Tanzania, ile ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 walipatwa na ugonjwa huo na zaidi ya 6,000 walikufa. Linalochoma moyo ni kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo ingeweza kuzuiwa.

Chanzo chake kinajulikana. Mtaalamu wa Kijerumani, Harald zur Hausen, alivitambua virusi vya papiloma vya aina ya 16 mwaka 1983, na vya aina ya 18 mwaka uliofuata, ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Mwaka 2008 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Aina hizo mbili peke yake husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizo.

Hapa ndipo penye upotoshaji mkubwa. Wako watu, tena waliosoma, wanaouita huu ugonjwa wa wahuni. Hayo si kweli. Virusi hivi huenea kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi ya sehemu za siri, na vimeenea mno hata watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao. Mke mwaminifu huweza kuvipata kwa mumewe, na mume asijue kwamba anavyo. Mipira ya kiume hupunguza hatari lakini haiiondoi. Kwa kawaida mwili huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Visipoondoka, saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 15 au 20, na mapema zaidi kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI.

Ndiyo maana chanjo hutolewa utotoni. Chanjo haiponyi maambukizo yaliyokwisha kuingia, huyazuia yasiingie. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanua huduma hiyo kwa wenye miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja badala ya mbili. Wanaodai kwamba tumeletewa jambo lisilojaribiwa wafahamu kwamba sehemu ya ushahidi wa dozi moja ilitoka Mwanza, katika utafiti uliowahusisha wasichana 930 wa Kitanzania.

Uvumi kwamba sindano hiyo inafunga uzazi hauna msingi wowote. Kinachofunga uzazi ni saratani yenyewe, kwani matibabu yake mara nyingi hulazimu kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi. Mzazi wa Rusimbi akisikia uvumi huu humwuliza mwalimu. Mwalimu akijibu kwa kuguna, au akisema tu kwamba ni amri kutoka juu, mtoto hubakizwa nyumbani siku ya chanjo. Sioni udhuru wa mguno huo.

Tena wako wasichana wasioingia darasani kabisa: wanaoanika dagaa ufukoni, wanaolea wadogo zao, walioacha shule. Daftari la mahudhurio haliwajui. Wauguzi wakifika shuleni na kuondoka, hao ndio watakaoachwa, nao ndio wenye hatari kubwa zaidi.

Kwa wanawake watu wazima liko jambo jingine: uchunguzi. Mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama patageuka peupe. Ni kazi ya dakika chache, na dalili za awali hutibiwa bila upasuaji mkubwa. Aliyechanjwa naye atapaswa kupimwa akifikia umri huo. Anayengoja mpaka atokwe na damu atalazimika kusafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya reli inayozidi kilomita 1,200 kutoka Kigoma, pamoja na nauli, malazi ya ndugu wa kumwuguza, na watoto walioachwa kwa jirani.

Walimu wakuu na watendaji wa mitaa wa Rusimbi, Mwanga na Ujiji wanaweza kuandika pamoja orodha ya kila msichana wa miaka 9 hadi 14, awe shuleni au asiwe, na kuikabidhi kituo cha afya. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Ianze kabla wauguzi hawajafika.