Usimfungulie punda nyasi mbichi ndio upate laiki

Wasee, leo sina utani mwingi. Nataka kuwaambia vile nilikaribia kuua punda wa guka yangu kwa sababu ya video ya sekunde 20.

Turudi Machi 2023. Mnakumbuka kile kiangazi? Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekataa mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Kwetu Naivasha vumbi lilikuwa limegeuka mtu wa familia. Guka anauza maji kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na anayevuta ni punda anaitwa Waziri. Alipewa hilo jina kwa sababu haendi popote bila kubembelezwa. Kiangazi chote Waziri alikula mabua makavu ya mahindi na nyasi kavu ya kununua. Mbavu ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kisha mvua ikarudi. Wiki chache tu, nyuma ya ploti nyasi zikafika magotini. Mimi nilikuwa nimetoka Nairobi kwa wikendi. Nikaona ile kijani yote, nikamwona Waziri kwa kigingi akitafuna mabua, roho ikaniuma. Guka alikuwa ameenda matanga. Nikamfungua punda, nikamwingiza kwa nyasi, nikawasha kamera. Waziri akainamisha kichwa na hakukiinua tena. Nikaandika, "Kiangazi kimeisha, mzee ale vizuri." Laiki zikamiminika. Watu waliniita mtu mwenye roho safi. Nikamwacha huko hadi jioni.

Asubuhi iliyofuata Waziri alikuwa amesimama kona peke yake, masikio chini. Maji hataki, mabua hataki. Tumbo limejaa kama ngoma. Mara anageuza kichwa kuangalia ubavu wake, mara analala, mara anainuka. Guka aliporudi aliweka sikio kwa huo ubavu, akanyamaza kidogo.

"Nani alimfungua?"

"Ni mimi, guka."

"Alikula muda gani?"

"Kuanzia asubuhi mpaka jioni."

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mtu akitoka njaa unaanza na uji. Hukujua?" Kisha akachukua simu akaita daktari wa mifugo.

Kumbe tumbo la punda, kama la farasi, halifanyi kazi kama la ng'ombe. Ng'ombe anacheua. Punda chakula chake kinapita tumboni haraka, halafu kinaenda kuchachuka huko nyuma kwa utumbo mkubwa, na wenye kufanya hiyo kazi ni bakteria. Hao bakteria wanazoea kile anachokula kila siku. Ukiwazoesha mabua miezi na miezi, halafu siku moja uwamwagie nyasi changa zilizojaa maji na sukari, mambo yanaharibika. Zile nyasi zinachachuka mbio, gesi na asidi zinajaa, bakteria wazuri wanakufa. Mara nyingine ni kuharisha tu. Mara nyingine ni maumivu makali ya tumbo, yale madaktari wanaita koliki. Na punda hawezi kutapika. Kikishaingia, kimeingia.

Daktari alimdunga sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani hadi tumboni, akaweka maji na mafuta. Waziri alipona tumbo. Lakini siku chache baadaye kwato zikawa moto na akawa anatembea kama anakanyaga misumari. Hiyo pia inatokana na nyasi: sumu zikitoka kwa utumbo na kuingia kwa damu, sehemu ya ndani ya kwato inavimba. Alikaa bila kuvuta mkokoteni karibu mwezi mzima. Wateja wa guka wakahamia kwa wengine. Pesa ya daktari ilitoka kwa ile iliyokuwa imewekwa ya karo ya binamu yangu, na binamu alikaa nyumbani wiki mbili wakati wenzake wako darasani. Laiki zangu hazikulipa hata mtungi mmoja wa maji.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna watu yatawauma. Huruma yetu ya mtandaoni ni ya mbio sana. Tunaona mnyama kwa kamba tunasema anateswa, tunaona mnyama kwa kijani tunasema amefika mbinguni. Hatuulizi jana alikula nini. Ile kamba niliyoifungua ndiyo ilikuwa inamlinda.

Kuna wale wataniambia, "Buda, punda wa ushago wamekula nyasi tangu zamani na hawajakufa." Kweli. Lakini punda anayezurura anakutana na nyasi zikiwa bado zinachipuka, anapata kidogo leo, kidogo zaidi kesho, na anatembea siku nzima. Tumbo linabadilika pole pole na msimu. Wa mjini anafungwa kwa mabua hadi nyasi zimefika magotini, halafu anaachiliwa siku moja. Hiyo si desturi ya zamani. Hiyo ni haraka yetu.

Na kufanya vizuri ni bure. Guka sasa anafanya hivi mvua ikirudi: kwanza Waziri anashiba mabua, halafu anaenda kwa nyasi nusu saa tu, asubuhi na mapema, kwa sababu jua likiwaka nyasi zinajiwekea sukari zaidi kadiri siku inavyoenda. Kesho yake anaongezewa kidogo. Inachukua wiki mbili hivi kabla hajakaa muda mrefu, na hata hapo mabua hayakomi. Kinyesi kikianza kuwa laini, anarudishwa nyuma. Unahitaji kamba, kigingi na subira.

Ukiona punda amejitenga, hataki kula, anaangalia tumbo au hajatoa kinyesi, usingoje agaegae chini. Punda anaficha maumivu. Akinyamaza tu ujue kuna shida. Mtoe kwa nyasi, mwachie maji, piga simu kwa daktari. Na tafadhali, msimmiminie soda, mafuta ama dawa za watu mdomoni kwa chupa. Vinaweza kuingia mapafuni na hapo umemmaliza. Pia usimkatie chakula siku nzima ukidhani unamsaidia. Punda akikaa bila kula, mafuta ya mwili yanajaa kwa damu na yanaweza kumuua.

Mtu ataniuliza, yote haya ni ya punda tu? Sensa ya 2009 ilipata punda karibu milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ikapata milioni 1.2 hivi. Wengi waliishia vichinjioni, ngozi zikauzwa nje. Ukiwa Rongai ama Naivasha na mfereji umekauka, anayekuletea maji ni mmoja wa wale waliobaki. Nyuma yake kuna guka wa mtu, na nyuma ya guka kuna karo ya mtu.

Ile video nilifuta. Si ati niliogopa matusi, hakuna aliyejua. Nilifuta kwa sababu watu walikuwa bado wanaisambaza, na nikawaza kuna msee mahali ataiona, amwangalie punda wa kwao, afungue kamba.

Mvua ikirudi tena, kabla ujifanye shujaa, muulize mwenye punda: jana alikula nini?