Wanakuuzia Kelele, Unakosa Kinga

Ingia duka la vipuri pale Kirinyaga Road, Nairobi, useme unatafuta kava ya mbele ya nduthi. Kabla hujamaliza kueleza nduthi yako ni ya aina gani, utaonyeshwa ile yenye spika mbili, redio, bluetooth, taa za rangi na mahali pa kuchomeka flashi. Itawashwa hapo hapo mpaka kaunta itetemeke. Nani atakuuliza huwa unatoka nyumbani saa ngapi alfajiri? Nani atakuuliza urefu wako, au kama unabeba watu ama mitungi ya gesi? Soko limeshaamua kwamba mtu wa boda anataka kusikika. Kwamba ana macho, vidole na masikio ya kutunza, hayo ni yake mwenyewe.

Wacha tuambiane ukweli. Kava ya mbele kazi yake ni kukata upepo na mvua. Spika ni nyongeza. Siku hizi nyongeza ndiyo inayouzwa, na kava imegeuka kuwa kabati la kubebea spika.

Hata huko zilikotoka hizi kava, mambo hayakwenda hivyo. Marekani, miaka ya 1970, Craig Vetter alitengeneza kava iliyoitwa Windjammer, ambayo mtu angeweza kuifunga kwenye pikipiki za kampuni mbalimbali. Honda Gold Wing ilipotoka mwaka 1975 haikuwa na kava, kwa hivyo wenyewe waliokuwa wakisafiri mbali walijitafutia. Mwaka 1980 Honda ikatoa Gold Wing Interstate iliyokuwa na kava kutoka kiwandani, na redio ikawa kitu cha kuongeza kwa anayetaka. Angalia vizuri mpangilio huo. Upepo ulishughulikiwa kwanza, ndipo muziki ukafuata. Tena ile ilikuwa pikipiki ya cc 1000 hivi ya mtu anayetembea kwa raha zake. Yetu ni ya cc 100 hadi 150, na aliye juu yake yuko kazini.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Mhudumu wa boda wa Limuru au Kinangop anaanza kabla ya jua. Watu watamwambia avae vizuri asipate nimonia. Daktari atasahihisha: nimonia huletwa na vijidudu, si upepo. Sawa. Lakini baridi hufanya vidole kufa ganzi, na vidole hivyo ndivyo vinavyovuta breki. Upepo hukausha macho, na macho hayo ndiyo yanayotafuta shimo barabarani. Tena upepo hauongezeki kidogo kidogo. Ukitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana utaona mtu mzima amejaza katoni ndani ya jaketi. Yule hajakosa muziki, amekosa kava.

Tuje kwenye sauti yenyewe, maana hapo ndipo uongo ulipojaa. Boksi limeandikwa wati 1000. Nduthi yako inatumia umeme wa volti 12. Gawanya: wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 83. Zile nyaya nyembamba ulizopewa na spika zingeyeyuka kabla wimbo haujafika kiitikio. Taa kubwa ya mbele ya nduthi nyingi ni ya wati 35, kwa hivyo unaambiwa kwamba hicho kidude kinakula umeme wa taa 28 na ushee. Hakiwezi. Namba hiyo imepigwa chapa kwa ajili ya macho yako. Spika yenyewe huenda inatoa wati 10 au 20, na kwa mtu aliyekaa nusu mita kutoka kwayo, hizo zinatosha na kubaki.

Lakini utasema hazitoshi, kwa sababu ukishika barabara kubwa huisikii. Ni kweli, huisikii. Unashindana na upepo! Kioo kifupi kilichokaa vibaya kinautupa upepo wote moja kwa moja kwenye helmeti, unavuma masikioni, nawe unaongeza sauti. Ukifika steji unasahau kupunguza, mtaa mzima unaamka. Kava iliyokaa sawasawa inapunguza ule mvumo, na muziki unaweza kuwa mdogo. Kwa hiyo anayekuuzia spika kubwa juu ya kava mbovu anakuuzia dawa ya ugonjwa aliokupa mwenyewe.

Na gharama yake inalipwa na sikio. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Kwa desibeli 94 umebaki na saa moja tu. Mtu wa boda anafanya kazi saa ngapi? Mkopo wa nduthi unalipwa kila siku, unaujua mwenyewe. Sikio likishakufa, hakuna fundi wa kulifungua na kulisafisha.

Kuna mtu mwingine ambaye soko halimtaji kabisa: anayekaa nyuma. Huyo hakuchagua wimbo. Dada anayerudi nyumbani usiku akisema, "Kaka, punguza mwendo," anataka asikike mara ya kwanza, si ya nne. Mama aliyebeba mtoto akisema, "Nishukishe hapa kwa geti," hafai kulazimika kukupiga bega mpaka ushtuke katikati ya barabara. Na lori linalokupigia honi nyuma halingoji wimbo uishe.

Najua kuna wanaosoma haya wakitabasamu, wakingoja niseme spika zote zing'olewe. Siwaungi mkono. Hao ndio wanaokaa ndani ya gari lililofungwa vioo, muziki umewashwa, wakilalamika kwamba boda zina kelele. Nchi hii imeshapita hapo na matatu. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilipofika, mistari ya manjano ikachukua nafasi ya michoro. Miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore magari yao, na leo mgeni akija Nairobi tunampeleka akaone matatu kama anayepelekwa makumbusho. Kwa nini basi muziki wa mwenye matatu uitwe utamaduni, na wa mwenye nduthi uitwe ushamba? Anayekaa juu ya kiti kimoja tangu alfajiri hadi usiku ana haki ya kusikia habari, mpira na wimbo anaoupenda. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakataza kelele za kukera, na ni sawa, lakini hazikumkataza mtu kuwa na redio yake.

Ninachodai ni kwamba redio iwe ya anayeendesha, isiwe ya mtaa. Na pesa za kava ziende kwenye kava.

Kwa hivyo ukienda kununua, mwambie muuzaji azime hicho kitu kwanza. Halafu kalia nduthi yako kama ulivyozoea. Ukingo wa juu wa kioo uwe karibu na usawa wa pua, ili uone barabara juu yake na si kupitia ndani yake, kwa sababu mvua na mikwaruzo vitakipofusha. Uliza ni plastiki gani: policaboneti inapinda ikigongwa, akriliki inapasuka vipande vyenye makali, na vipande hivyo vitakuwa mbele ya shingo yako. Zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama waya wa klachi au breki unabanwa. Itikise. Uzito uliofungwa kwenye usukani unageuka na usukani, na upepo wa ubavuni ukija pale kwenye mteremko wa Mai Mahiu, au lori likikupita kwa kasi, mikono yako ndiyo itakayojua. Kama inawezekana, ifungwe kwenye fremu. Ikiwa lazima ikae kwenye usukani, iwe nyepesi, na hapo ndipo spika nzito zinapokosa mahali.

Ukiridhika na hayo, sasa weka redio yako ndogo. Waya wake uwe na fyuzi karibu na betri, na upitie kwenye swichi ya ufunguo, usije ukapiga stata asubuhi ukakuta betri imelala. Weka kitufe cha kuzima mahali kidole gumba kinapofika bila kuachilia usukani, na abiria akipanda, kizime au umuulize.

Hili si la mtu mmoja mmoja tu. Steji zina vyama, na vyama vina akiba. Watu thelathini wakienda pamoja kwa fundi wa jua kali na kumwambia wanataka kava ya policaboneti ya kufungwa kwenye fremu, inayomfaa mtu wa Boxer na wa TVS, fundi atatengeneza, kwa sababu fundi hutengeneza kinacholipiwa. Wanaotoa mikopo ya nduthi nao waulizwe kwa nini kava ya upepo haiji na nduthi tangu mwanzo, ilhali wao ndio watakaokosa malipo siku mhudumu akilazwa hospitali.

Mpaka hapo duka litaendelea kuwasha muziki kila ukiingia, maana ndiyo njia rahisi ya kukufanya usiulize. Uliza tu. Waambie wazime kwanza, halafu mwongee bei ya kioo.